Usiiguse Simu Yangu

Nasra mwanangu,

Barua hii utaipata ukiwa umekwisha kukaa kwenye kiti chako. Utakaponitumia ujumbe kwamba treni imeondoka Miritini, ndipo nami nitakapoituma. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Nakujua vizuri. Ningeituma mapema hata kidogo, ungeshusha sanduku, ungerudi hapa nyumbani Bofu na sababu mpya, na mwaka mwingine ungetupita mimi na wewe tukibishana barazani juu ya simu. Kwa hivyo soma taratibu. Treni hairudi.

Sasa hivi ni baada ya Alasiri. Wewe umekwenda Kisauni kumuaga shangazi yako Rukia, nami najua huko hamuagani tu, mnapanga kitanda changu kiwekwe chumba gani. Nimefunga mlango wa mbele, nimeketi kwenye kile kiti kinacholia, na maneno haya nayatamka simu ikiyaandika. Ikikosea tahajia, hilo ni lake. Mengine yote ni yangu, na nimeyakusudia.

Sitakwambia ule vizuri, wala uangalie mkoba wako mkifika Nairobi kabla ya kupanda basi la Kisumu. Wewe ni muuguzi, watu wazima hukuuliza wewe wale nini. Tena mamako atakuwa amekwisha kukupigia kutoka Malindi kukueleza hayo yote, na mumewe naye ameongeza yake nyuma. Sina neno nao, watu wema wote wawili. Mimi nataka kusema nawe juu ya jambo moja tu, lile lililotufanya tusisemezane siku kadhaa humu ndani: simu yangu isasishwe lini, na nani wa kuamua.

Najua ukiwaeleza wenzako huko mbele kwamba wewe na babako mligombana kwa ajili ya apdeti, watacheka. Mwenye macho akisasisha simu yake anakuta rangi zimebadilika, analalamika kidogo, kesho amesahau. Mimi nikisasisha yangu ni sawa na kuamka nikute mtu amehamisha milango ya nyumba. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, na kwa hilo nakushukuru. Lakini kulijua ndiko kulikokuponza.

Ulikuwa mdogo macho yaliponiondoka, kwa hivyo baba unayemjua ni huyu wa vidole. Nilikuwa opareta wa simu katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, Kipevu, na kazi ile haikuhitaji macho, kwa hivyo waliniacha nikaendelea. Kisha wakaweka mtambo mpya unaojiunganishia simu wenyewe, wakaniandalia chai na keki, nikarudi nyumbani. Rukia akasema sasa nitulie. Sikutulia. Nilikuwa nimekaa miaka nikisikiliza wenye mizigo wakitafuta malori na wenye malori wakitafuta mizigo, na sauti zao zote nilikuwa nazo kichwani. Nikawa dalali. Sijawahi kuliona hata lori moja katika hayo ninayoyatafutia mzigo, lakini dereva akisema "hallo" najua ni nani, najua kama amelala, na najua kama ananidanganya kwamba yuko Mariakani hali bado yuko Changamwe anakunywa chai.

Kazi hiyo yote imo ndani ya simu. Nikigusa kitu kwenye kioo, sauti hunitajia jina lake. Nikigonga mara mbili kwa haraka, hapo ndipo jambo hutendeka. Na kugonga huko si lazima kuwe juu ya kitu chenyewe, popote kwenye kioo simu itatekeleza kile ilichokitaja mwisho. Haya nayaandika wewe ukiyajua, kwa sababu siku ile ya feri ilitokana na hapo, na siku ile hatujawahi kuizungumza sawasawa. Tumeizunguka tu miaka yote.

Wewe ulikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa, uko nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kisiwani nangoja feri ya kurudi Likoni, Mutua yuko na lori lake kwenye lango la ghala, ananingoja nimwambie apakie wapi. Simu ikaanza kusema. Ikasema kuna sasisho jipya, ikasema ni muhimu, ikasoma maneno mengi, na wakati huo huo watu wameanza kusogea na mimi nataka kusikia miguu yao, si maneno yake. Nikaigonga mara mbili inyamaze. Kosa hilo mwenye macho hawezi kulifanya hata akitaka. Neno la mwisho lililotajwa lilikuwa "Sakinisha sasa".

Basi ikanyamaza kweli.

Nilivuka feri na kipande cha kioo mfukoni. Nikifika ng'ambo huwa nakupigia, unashuka kunipokea pale juu penye kelele. Siku ile simu ilipoamka ilisema Kiingereza, haraka haraka, kwa sauti ya mtu nisiyemjua, na namba yangu ya siri haikuitaka. Nikakosea, ikanifungia. Nikakosea tena. Bwana mmoja mwema akanishika mkono akaniuliza mzee wenda wapi, nikamwambia, naye kwa sababu ya zile kelele au kwa sababu ya kufikiri kwake akanipeleka kwingine kabisa. Uliponipata nilikuwa nimekwisha kukalishwa kwenye gari la kwenda Ukunda, mbele, karibu na dereva, nimefungwa mkanda kwa heshima zote.

Nilikusikia ukiniita kabla hujaniona. Ulikuwa ukilia. Ulikuwa umenipigia mpaka ukachoka, ukaja mbio na ndala. Ulinishika mkono pale na tangu siku ile hukuuachia.

Mutua alikosa mzigo wake, akapewa mwingine. Hilo lilimuuma siku mbili, likapita. Lako halikupita. Jioni ile ile ulitangaza sheria kwamba hakuna kugusa sasisho lolote bila wewe. Likija, tunangoja mpaka uwe huna shule, baadaye mpaka uwe huna zamu. Unalisakinisha wewe, kisha unakaa nami jioni baada ya jioni, unanishika kidole unakipeleka, hapa baba, hapana, hapa. Ulikosa harusi kwa ajili hiyo. Ulikosa ile safari ya Lamu na wenzako wa chuo. Na mara nyingine ulichelewa sana, maskini, kwa sababu ya zamu, mpaka programu ya kutuma pesa ikakataa kufunguka ikisema simu imepitwa na wakati, nikawa siwezi kumtumia mtu hata nauli.

Sasa nikwambie lililo langu. Nilipenda. Nilipenda kushikwa kidole. Nyumba ilikuwa kimya tangu mamako aondoke, na jioni zile za sasisho wewe ulikuwa karibu yangu, unanuka sabuni ya hospitali, unanicheka, unaniita mwanafunzi mgumu. Ningeweza kujifunza peke yangu. Simu yenyewe ina mafunzo ndani yake, inakuelekeza hatua kwa hatua ukiiuliza, na nililijua hilo. Sikuiuliza.

Kisha yakaja mambo ya Kisumu, yale ya kwanza. Uliniambia ile hospitali ilitaka kukuajiri kwa mkataba mbaya ukakataa. Nikasema sawa, alhamdulillah, liko jingine. Lakini mimi siku hiyo uliyowajibu nilikuwa bafuni, na wewe ulidhani nimelala. Ulikuwa uani na simu yako. Sikusikia mkataba wowote ukitajwa. Nilisikia unasema, "Siwezi kuja. Babangu hajiwezi."

Nilikaa kwenye kile kigoda cha bafuni mpaka maji yakapoa. Nilikasirika, Nasra, nilikasirika sana. Nilitaka kutoka vile vile na taulo nikuulize nani hajiwezi. Aliyekulipia karo kwa kuunganisha malori ya watu gizani, huyo ndiye hajiwezi? Nikayapanga maneno yote. Kisha nikatoka nikakuuliza chai iko wapi.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza, na jibu silipendi, lakini nitalisema kwa sababu wewe huwezi kushuka. Nilinyamaza kwa sababu nusu yangu ilifurahi kwamba huendi. Hilo ndilo kosa langu. La feri silitubii, kidole kimeteleza tu, kingeteleza cha yeyote. Hili la bafuni ndilo ninalokuomba uniwie radhi, na sitalirudia.

Ndipo mwaka huu Kisumu wakakuita tena, na katika wiki ile ile simu ikaleta sasisho, kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ukafurahi, usikatae. Nilikusikia unavyopumua. Ulikuja ukaketi hapa kwenye mkeka ukasema, "Hini simu yataka kusasishwa, baba. Nikuwekee, kisha nikae nawe mwezi, uizoee, ndipo nende." Nikakuuliza wao wanakutaka lini. Ukasema watangoja. Wallahi hawangengoja, na wewe ulijua. Ukanyoosha mkono kuichukua.

Nikakwambia, "Usiiguse simu yangu."

Sikuwahi kukusemesha kwa sauti ile. Uliniuliza basi ibaki hivyo hivyo ya zamani mpaka programu ya pesa ikatae tena? Nikasema itasasishwa siku nitakayotaka mimi. Ukasema huo ni ukaidi. Nikasema naam, ni ukaidi. Ukaenda ukafunga mlango wa chumba chako, na siku zile zilizofuata ukawa unaniwekea chakula mezani na kuniambia tu upande uliko wali.

Uliposema nami tena ulikuwa umekwisha kuafikiana na shangazi yako. Utakwenda Kisumu, sawa, lakini mimi nihamie Kisauni kwa Rukia, nikae kwake na simu hii ya zamani, hata ikikataa kutuma pesa watoto wake watanitumia, mpaka upate likizo uje uisasishe wewe. Na Mutua na wenzake? Rukia alisema wanaweza kupumzika kidogo. Alikuja mwenyewe kunieleza, akaketi, akanywa soda yangu, akasema, "Kipofu hakai pekee, Hamadi. Watu watatusema." Nilimwambia wanaosema tayari wana mengi ya kusema, hawanihitaji mimi. Lakini mbele yako sikukataa, na wewe ukadhani nimekubali. Ulipumua tena, safari hii kwa njia nyingine, na siku ya pili ukanunua sanduku.

Basi hebu nikwambie la Jumapili ile uliyokwenda harusini Bamburi.

Niliichagua siku ile mapema. Jumapili wenye mizigo wako nyumbani kwao, malori yamelala, Mutua yuko kanisani na mkewe. Simu ingekaa kimya kutwa nzima na hakuna ambaye angeumia. Huo ndio wakati wa kusasisha, Nasra, hakuna siri nyingine. Wengine hungoja mpaka waache kuogopa, na hawaachi. Wengine hubonyeza kwa sababu simu imewaambia ni muhimu. Simu haijui leo nina feri ya kuvuka. Mimi ndiye ninayejua.

Ulipotoka na lile vazi lako linalochakachaka niliingoja teksi yako iondoke. Nikaiweka simu kwenye chaji. Mutua nilikuwa nimemwomba jana yake, yeye peke yake, nikamwambia atakapotoka kanisani anipigie, na asipopokelewa apige tena, asije. Alicheka akasema, "Mzee, hiyo ni order ama ni ombi?" Nikamwambia amri. Kisha nikaitafuta ile arifa, nikaisikiliza mpaka mwisho, yote, kila neno, nikagonga mara mbili.

Ikanyamaza.

Niliogopa. Sitakuficha. Nilikaa kwenye kiti hiki mikono juu ya magoti na nikasikia nyumba ilivyo kubwa. Jirani alikuwa anakuna nazi. Nikawaza, ikikataa kuamka nitakuwa nimempa Rukia ushahidi aliokuwa akiutafuta, na wewe sanduku utalirudisha juu ya kabati. Nikawaza nipige kelele nimwite jirani kabla hata hakijatokea kitu. Sikumwita.

Ikaamka na Kiingereza chake, yule yule mgeni wa siku ya feri. Lakini safari hii nilikuwa nimejiandaa. Simu ikiamka, kabla haijafunguliwa mara ya kwanza, haijui ni ya nani, inasema kwa lugha yoyote iliyozaliwa nayo, ndiyo maana siku ile ilinibabaisha. Sikubabaika. Nikatafuta namba kwa kidole, nikazisikiliza kwa Kiingereza, nikakosea mara moja, ikanifungia kidogo, nikakaa nikaisubiri kama mtu anayesubiri maji ya bomba. Nikajaribu tena. Ikafunguka, na Kiswahili kikarudi, ila kwa sauti ya msichana mdogo, kama karani aliyeajiriwa juzi anayeogopa bosi. Yule wa zamani hayupo, wamemstaafisha. Natumai naye walimpa keki.

Kisha Mutua akapiga, na mimi nikashindwa kupokea.

Ile njia niliyoizoea, uliyonifundisha wewe, haikufanya kitu. Simu inalia mkononi mwangu, nagonga, natelezesha, inalia, inakata. Akapiga tena. Tena ikakata. Hapo nilitoa maneno ambayo si ya Jumapili wala ya Ijumaa. Ndipo nikafanya nililopaswa kufanya miaka yote: nikaiuliza simu yenyewe. Nikaingia kwenye mafunzo, yule karani akanisomea taratibu, na ikawa kumbe vidole viwili. Unagonga mara mbili kwa vidole viwili kwa pamoja, popote kwenye kioo, simu inapokelewa. Hata kutafuta kitufe hakuna. Ni rahisi kuliko ya zamani.

Alipopiga tena nikapokea. Akasema, "Mzee, nimeamua ukikosa hii nakuja huko Likoni na hii suti yangu." Nikamwambia, "Usije. Kata, kisha upige tena." Akakata, akapiga. Nikamwambia tena. Alipiga mpaka mkewe akamuuliza kama huyo dalali wake ameoa mara ya pili. Nikaendelea kupokea mpaka vidole vikashika kazi yao bila kunihusisha.

Uliporudi jioni ile ukinuka biriani na udi, ulinikuta nimekaa hapa hapa na kile kidude cha simu kimeziba sikio moja. Ukaniuliza nasikiliza nini. Nikasema mawaidha. Tangu siku hiyo hukuwahi kuisikia simu yangu ikisema, Nasra, na hukujiuliza kwa nini. Nilikuwa najifunza mbele ya macho yako. Nilikosea pia, usidhani mambo yalikuwa laini. Ujumbe wa dereva mmoja niliupeleka kwa shangazi yako: njoo alfajiri upakie, ni vitunguu. Akanipigia kuniuliza vitunguu gani na kwa nini alfajiri. Nikamwambia mtandao umechanganyika. Lakini lori halikulala, mzigo haukukosa mwenyewe, na programu ya pesa inafunguka. Hata nauli yako ya kesho ya teksi, ile uliyodhani Mutua amemtumia dereva kwa niaba yangu, niliituma mwenyewe.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Nimelifikiri hilo zaidi ya yote. Ningekwambia, ungeichukua simu uikague. Ungenipa mtihani: baba, nipigie, baba, nisomee huu ujumbe, baba, sasa jifanye uko ferini. Na ningefaulu, nina hakika ningefaulu, kisha ungepata jingine la kuhofia: funguo za nyumba, au jiko la gesi, au ngazi ya mlangoni. Lakini si hilo tu. Nilitaka uende kwa sababu ni haki yako kwenda, na si kwa sababu babako amepasi mtihani. Hata simu ile ingekufa mkononi mwangu Jumapili ile, bado ningetaka uende. Ningenunua nyingine. Ningeanza upya. Mimi nimeanza upya mara nyingi kuliko hiyo simu.

Naye Rukia nimekwisha kumpigia, wewe ukiwa bado njiani kwenda kwake. Nimemwambia kesho asije na gari. Alilia, akanikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa wetu, akauliza nitakula nini. Nikamwambia nitakula ninachokula siku zote unapokuwa zamu. Nimempenda dadangu tangu nizaliwe na nitakwenda kwake Ijumaa moja moja nile pilau yake, kisha nitarudi kwangu. Nimemwomba asikwambie leo, na kama amekwisha kukwambia, basi wewe umenyamaza kama nilivyonyamaza mimi bafuni, na tumekuwa sawa.

Huko uendako watu watakusukuma wewe nawe. Wakubwa wa wodi watataka majibu hapo hapo, na shangazi yako najua amekwisha kukutajia yule kijana wa Bamburi mwenye ndevu nzuri, anataka jawabu kabla ya Ramadhani. Labda ni mtu mzuri. Mimi sina la kusema juu ya ndevu. Nakwambia tu kwamba hata simu, pamoja na kelele zake zote, ina mahali pameandikwa "Baadaye", na mtu ana ruhusa ya kupagonga. Kisha siku yako ikifika, ambayo wewe ndiye unayeijua, usiipishe kwa kuogopa, wala kwa kunionea huruma mimi.

Nimechoka kusema sasa, na huyu karani naye amechoka kuandika. Nasikia jirani anaita watoto wake. Utarudi muda si mrefu utanikuta nimenuna kidogo, kwa sababu mtu anayehamishwa kwake kwa nguvu anatakiwa anune, na sitaki uingiwe na shaka. Usiku tutakula pamoja. Asubuhi nitakushika kichwa nikuombee dua, na nikichelewa kukuachia, usidhani nimebadili nia. Nitakukosa. Nitaikosa hata ile miguu yako unavyoiburuza uani. Nalisema wazi ili usije ukadhani kwamba mtu akiwa mkaidi haumii.

Mkifika Voi nipigie. Isipopokelewa mara ya kwanza, usishuke, usimpigie Rukia, usimpigie Mutua wala jirani. Labda niko na dereva kwenye laini. Labda niko bafuni. Piga tena, kisha uiache ilie. Nitapokea mwenyewe.

Babako,
Hamadi